Besi Kwanza: Kwa Kijana wa Kakanda Anayetaka Kuwa DJ

Anayeishi Kakanda na kuupenda muziki wa dramu na besi, ule unaojulikana duniani kwa jina la drum and bass, hana klabu ya kuendea. Nganda zipo, zile baa zenye spika mlangoni. Makanisa yapo, yenye vinanda na ngoma. Harusi zipo, ambako ndombolo na amapiano hupokezana hadi kunapambazuka. Lakini ule muziki wa mapigo 174 kwa dakika, ambao besi yake hutembea polepole chini huku ngoma zikikimbia juu, anausikiliza peke yake kwenye hedifoni, amelala chali, simu kifuani. Halafu anaanza kuwaza Lubumbashi, Kampala, Nairobi na London. Lini atafika huko akapige?

Mdogo wangu, usianze na safari. Anza na sauti. Kakanda, mji mdogo wa migodi wa Katanga nchini Kongo, ulio kati ya Likasi na Kolwezi, unaweza kuwa na kikao chake cha muziki huu, hata cha watu thelathini, na kikao hicho kikadumu. Atakayekijenga ni yule anayejali kwamba besi inasikika inavyopaswa, kwamba umeme haumdhuru mtu, na kwamba jirani mwenye mtoto mchanga bado anamsalimia asubuhi. Ushauri wote unaofuata unatokana na hilo moja.

Ndivyo muziki wenyewe ulivyozaliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, vijana wa London, wengi wao watoto wa wahamiaji kutoka Jamaika na visiwa jirani, walichukua vipande vya ngoma kutoka rekodi za zamani za Marekani, wakaviharakisha, wakavitandaza juu ya besi waliyokuwa wameirithi kwa wazazi wao waliozoea kucheza mbele ya spika ndefu kuliko mtu. Radio kubwa ziliwapa nafasi ndogo sana, kwa hiyo wakarusha muziki wao bila leseni. Kool FM ilianza hivyo mwaka 1991 katika mitaa ya Hackney, na vituo vya namna hiyo vilisimamisha antena zao juu ya maghorofa ya makazi ya watu wa kawaida. Mwaka 1994 Goldie akaanzisha lebo ya Metalheadz pamoja na Kemistry na Storm, wanawake wawili waliokuwa ma-DJ hodari. Mwaka 1997 Roni Size na kundi lake la Reprazent kutoka Bristol wakapata tuzo ya Mercury, moja ya tuzo kubwa za muziki wa Uingereza. Kutoka antena ya kujificha hadi tuzo ilikuwa miaka sita, na miaka hiyo ilijaa kazi ya kubeba spika ngazini.

Na kwetu? Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi kijana Mwenda Jean Bosco katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi. Wimbo ulikuwa "Masanga": gita moja, na vidole viwili vya mkono wa kulia vikifanya kazi ya watu watatu. Wapiga gita wa Kenya, wa Zambia, hata wa Ulaya na Marekani, wameuchambua wimbo huo noti kwa noti. Kisha kuna karindula, lile gita kubwa ambalo tumbo lake ni pipa au debe na ngozi yake ni ya mbuzi, linalopigwa mitaani kwa muda mrefu bila kukata, mpaka anayecheza anasahau wimbo ulianzia wapi. Lebo ya Crammed Discs ya Brussels ilitoa The Karindula Sessions mwaka 2011, sauti na picha zilizorekodiwa Lubumbashi, na ningependa kila DJ wa Katanga aitazame kabla ya kununua chochote. Atakayekuambia kwamba besi ni ya wageni hajawahi kusimama mbele ya karindula.

Basi twende kwenye vyombo. Kijana mwenye akiba ndogo hukimbilia kununua ile mashine ya kuchanganyia yenye taa nyingi. Mimi nasema fedha za kwanza zinunue sabufa. Wimbi la noti ya herzi 50 lina urefu wa karibu mita 7, na spika ndogo ya plastiki haiwezi kulisukuma hata ukiifungulia mpaka mwisho. Inakupa kivuli cha besi, na kwa muziki huu kivuli hakitoshi, kwa sababu nusu ya wimbo iko humo chini. Mtu akiusikia kwenye spika ndogo atadhani ni kelele za ngoma tu, ataondoka, na hatakuwa na kosa. Muziki hajausikia.

Si lazima sabufa itoke dukani ikiwa nzima. Unaweza kununua spika yenyewe, ya inchi 15 au 18, na kumpa seremala makini kazi ya kuunda kasha. Lakini kila spika ina ujazo wake wa kasha na ukubwa wake wa tundu la hewa, na watengenezaji wengi huchapisha vipimo hivyo. Vifuate kwa milimita. Tumia plaiwudi ya milimita 18, gundi kwenye kila kiungo, skrubu zilizokaribiana, na ukimaliza pitisha mkono kwenye viungo wakati besi inalia ili usikie kama kuna hewa inayotoroka. Kasha linalovuja hutoa mlio wa kuhema na hula nguvu yote uliyoilipia.

Ukiwa na sabufa mbili, usizigawe moja kulia na nyingine kushoto kama ilivyozoeleka harusini. Ziweke pamoja, zikigusana, chini sakafuni, mgongo ukielekea ukuta. Zikiwa pamoja husaidiana, na ukuta na sakafu huirudisha besi mbele badala ya kuiacha ipotee. Nje, uwanjani, jambo hili ni muhimu maradufu kwa sababu hakuna kuta za kuizuia sauti: tafuta ubavu wa nyumba au ukuta wa uzio na uziegemeze hapo. Kisha, kabla watu hawajafika, weka wimbo wenye besi ndefu na utembee eneo zima polepole. Utakuta sehemu ambapo besi inakupiga kifuani na nyingine, hatua mbili tu mbele, ambapo imetoweka kabisa. Mahali pa kuchezea pawe kwenye sehemu ya kwanza, na meza ya vinywaji ikae kwenye ile ya pili.

Mabati yatakutesa. Paa la nyumba nyingi zetu hutetemeka kwa besi na kuongeza mlio wake mwenyewe, na mlio huo husafiri kwa jirani kuliko muziki. Vipande vya mpira wa tairi la ndani la baiskeli, vikibanwa kati ya bati na boriti mahali panapolia, hupunguza sana. Na taa nyekundu ya mikisa isiwake. Watu wengi huamini kwamba nyekundu ni nguvu. Ukweli ni kwamba hapo mikisa imeishiwa, inakata vichwa vya mawimbi, na joto linalotokea huunguza kwanza tuita, zile spika ndogo za sauti za juu. Spika nyingi zilizokufa kwenye sherehe ziliuawa na ampilifaya dogo lililolazimishwa. Punguza, hata kama rafiki zako wanapiga kelele uongeze.

Umeme ni sura nyingine, na hapo nitakaa kidogo. Katanga ina mabwawa yake: Mwadingusha na Koni kwenye mto Lufira, Nzilo na Nseke kwenye Lualaba. Tangu mwaka 1982 kuna pia njia ya nyaya kutoka Inga hadi Kolwezi, karibu kilomita 1,700. Sehemu kubwa ya umeme huo huenda migodini na viwandani. Mtaani huja na kuondoka, na ukija huja na nguvu isiyo sawa. Panga kila kikao kana kwamba umeme wa shirika la SNEL hautakuwepo, na ukiwepo ushukuru.

Jenereta basi. Chukua lenye uwezo walau maradufu ya kile vyombo vyako vinachohitaji, maana besi huvuta umeme kwa mishtuko, na jenereta dogo huyumba kila pigo linapoanguka. Likiyumba, kompyuta itavumilia kwa sababu ina betri, lakini mikisa itazima na ampilifaya litapiga mlio wa kutisha. Weka stabilaiza kati ya jenereta na vyombo, na kama unaweza, inveta ndogo yenye betri kwa ajili ya mikisa peke yake. Vyombo vyote vya sauti vichukue umeme mahali pamoja, kwa kamba moja nene ya kurefushia, na taa na friji zipate njia yao nyingine. Hivyo utaepuka ule mgurumo wa chini usiokoma. Mgurumo ukibaki, usikate kamwe mguu wa ardhi wa plagi ili kuuondoa. DJ hushika vyuma vya mikisa na maikrofoni usiku kucha, mara nyingi mikono ikiwa na jasho, na waya huo wa ardhi ndio unaomlinda. Ampilifaya liwashwe la mwisho na lizimwe la kwanza.

Sasa hili nakuomba ulisome mara mbili. Jenereta halikai ndani, halikai barazani, halikai chini ya dirisha. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa wamekaa wanazungumza. Katika mji ambao kila familia ina mtu aliyewahi kushuka shimoni, hatari ya hewa mbaya haihitaji kuelezwa sana. Liwe mbali, upande ambao upepo unaondoka, na mafuta yaongezwe likiwa limezimwa na limepoa. Ndiyo, muziki utasimama kwa dakika chache. Waambie watu sababu, wataelewa.

Vyombo vikiwa tayari, inabaki kupiga. Kompyuta ya kawaida inatosha, na programu ya Mixxx ni ya bure, haidai intaneti ukishaipakua. Ma-DJ wa singeli wa Dar es Salaam wametufundisha jambo hapa. Kwa kompyuta za kawaida na programu zilizozoeleka mitaani wametengeneza muziki wa mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Kampala, lebo ya Nyege Nyege Tapes ilitoa mkusanyo wa Sounds of Sisso mwaka 2017, na tangu hapo watu wa Ulaya wanasafiri kuusikia muziki uliotoka vigodoro, zile sherehe za mitaa ya uswahilini. Hawakusubiri mashine za bei kubwa. Walizijua vizuri zile walizokuwa nazo.

Jizoeze kuunganisha nyimbo kwa masikio, kioo ukiwa umekifunika. Najua programu inaweza kulinganisha kasi yenyewe, lakini ipo siku utapigia kwenye kompyuta ya mtu mwingine, au wimbo wa zamani uliopigwa na binadamu utayumba nusu pigo, na kifungo hakitakusaidia. Jifunze pia kuhesabu. Nyimbo za dramu na besi hujengwa kwa vifungu vya mizunguko 16 au 32 ya mapigo manne. Kwa kasi ya 174, mizunguko 32 ni sekunde 44 tu. Ndizo ulizonazo za kuchagua, kulinganisha na kuingiza, ili besi ya wimbo mpya ianguke pale besi ya wa zamani inapotoka. Besi mbili zikipigwa pamoja zinaharibiana. Daima ondoa ya kwanza kwenye mikisa kabla ya kufungua ya pili. Anayeliweza hili tu, hata kama hana ujanja mwingine, watu watacheza naye.

Lakini watu wenyewe hawaujui muziki huu, na kuwamwagia 174 saa ya kwanza ni kuwafukuza. Wajengee njia. Nusu ya 174 ni 87, na kwenye 87 utazikuta nyimbo nyingi za rap, na rege pia iko karibu. Anza hapo, kisha ongeza ngoma za kasi juu yake polepole: anayetikisa kichwa ataendelea na mwendo ule ule wa polepole, anayetaka kukimbia atafuata ngoma. Muziki mmoja, watu wawili, kila mmoja na miguu yake.

Njia ya pili naipenda zaidi, na sijaona wengi wakiitumia. Amapiano huwa karibu na mapigo 112 hadi 115. Ipandishe hadi 116, programu ikishikilia sauti isipande, na utaona kwamba 116 na 174 zinahusiana kwa mbili kwa tatu: kila mapigo mawili ya amapiano ni mapigo matatu ya dramu na besi. Tatu juu ya mbili ni hesabu ambayo wapiga ngoma wa sehemu zetu wamekuwa nayo tangu kale. Bibi yako akipiga makofi kanisani anaweza kuipiga bila kufundishwa. Kwa mizunguko michache utaziachia zote mbili zigongane, watu watahisi mvutano mwilini bila kuelewa unatoka wapi, kisha ondoa amapiano. Ukiifanya vizuri, sakafu haitakukimbia. Fanya mazoezi kwanza peke yako, maana ikikosewa hata kidogo inakuwa fujo.

Kikao kifanyike lini? Kakanda ni mji wa zamu na wa siku ya mshahara. Anayetoka zamu ya usiku analala mchana, na wiki ya mwisho kabla ya malipo hakuna mwenye faranga za kununua hata soda. Kwa maoni yangu Jumapili kuanzia saa nane mchana hadi saa mbili usiku inashinda Jumamosi usiku kwa kila kitu. Ibada zimekwisha, mazoezi ya kwaya yamepungua, paneli za jua zinatoa nguvu, na wazazi wanaweza kumruhusu binti yao kuja. Hilo la mabinti usilichukulie kama pambo. Kikao kisicho na wasichana wanaojisikia salama hugeuka haraka kuwa mahali pa ulevi na ugomvi. Weka mtu mzima mlangoni anayeheshimika mtaani, mama mmoja afadhali kuliko vijana watatu wenye misuli. Na wasichana wasiwe wachezaji tu. Kemistry na Storm walikuwa mezani tangu mwanzo. Karibu na kwetu kuna Kampire, DJ wa Kampala aliyekulia Zambia, ambaye mwaka 2024 alikusanya nyimbo za zamani za ukanda huu kwenye albamu A Dancefloor in Ndola iliyotolewa na Strut Records. Ndola iko ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, kwenye shaba ile ile. Mwonyeshe dada yako albamu hiyo, kisha mpe hedifoni.

Kabla ya kikao cha kwanza, nenda kwa mkuu wa mtaa. Usitume ujumbe wa simu. Nenda, keti, salimia, eleza ni muziki gani, saa ngapi utaanza na saa ngapi utazima, nani ataleta usalama. Pita pia nyumba za jirani, walau zile zinazogusana na kiwanja. Kama kuna kilio mtaani, kikao kinaahirishwa, hata kama umeshakodi jenereta na watu wametoka Likasi. Hakuna majadiliano hapo. Anayepiga muziki jirani analia hatapewa nafasi ya pili, na hastahili.

Watu hudhani muziki wa chini kwa chini maana yake ni kuikwepa serikali. Angalia yaliyolikuta tamasha la Nyege Nyege, lililoanza Jinja mwaka 2015. Mwaka 2018 waziri wa maadili wa Uganda alitaka kulizuia. Septemba 2022 bunge lilipitisha uamuzi wa kulisimamisha, na siku iliyofuata waziri mkuu akaliruhusu kwa masharti. Lisingepona bila waandaaji waliokuwa tayari kukaa mezani na kuzungumza. Huko Uingereza nako, sheria ya mwaka 1994 iliwapa polisi uwezo wa kuvunja mikusanyiko ya muziki wa mapigo yanayojirudia, na sheria yenyewe ilitaja mapigo hayo kwa maneno. Ukijua historia hii hutashangaa siku polisi watakapokuja kuuliza. Uwe na karatasi yenye muhuri mfukoni, na uzime saa uliyoahidi.

Kuhusu fedha nitasema wazi: kikao hiki hakitakulisha kwa muda mrefu. Kitakacholisha spika zako ni harusi, mahafali na sherehe za komunyo, ambako utapiga Koffi Olomide na Fally Ipupa kwa moyo wote, bila kuona haya na bila kuwadharau wanaocheza. Wao ndio wanaolipia besi yako. Nusu ya malipo ichukue kabla ya siku yenyewe, iandikwe. Usikubali kulipwa kwa kreti ya bia ya Simba, wala usinywe ukiwa kazini. Lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, ndiyo usiiguse kabisa. Kama una kazi au shule, ishike. Nimeona vipaji vingi vikizimika kwa sababu mwenye kipaji aliacha kazi ya ufundi umeme au darasa akidhani muziki utalipa kodi ya nyumba mwezi ule ule.

Nyimbo zenyewe usiziibe kwenye mitandao ya kupakulia bure, na sababu si maadili peke yake. Faili iliyobanwa sana hupoteza umbo la sauti, na kwenye spika kubwa matoazi yatasikika kama maji yanayomwagika. Faili ya MP3 ya kiwango cha 320 huchukua karibu megabaiti 2.4 kwa dakika; ya WAV karibu 10. Kwa bei za intaneti za kwetu, MP3 hiyo ya 320 inatosha. Unganeni watu watano, changeni, mtafute ndugu mwenye kadi ya benki anunue kupitia Bandcamp, ambako sehemu kubwa ya fedha humfikia msanii. Na waandikie wasanii wenyewe. Mtengenezaji anayepokea ujumbe kutoka Kakanda ukimwambia wimbo wake utapigwa mahali gani na kwa watu gani, mara nyingi atatuma zaidi ya ulichoomba.

Haki za wasanii zina hadithi chungu ambayo kila DJ wa muziki huu anapaswa kuijua. Kipande cha ngoma kilichojenga jungle na dramu na besi kinatoka kwenye "Amen, Brother" ya kundi la The Winstons, mwaka 1969. Ni sekunde sita au saba za ngoma peke yake, zilizopigwa na Gregory Coleman. Kipande hicho kimetumika katika maelfu ya nyimbo. Coleman alikufa mwaka 2006 akiwa hana makazi, na hakuwa amepata malipo yoyote kwa matumizi hayo. Mwaka 2015 mashabiki walichanga takriban pauni 24,000 wakampa kiongozi wa kundi, Richard Spencer. Kwa Coleman ilikuwa imechelewa.

Wewe siku moja utataka kumrekodi mpiga karindula, uikate sauti yake na kuipandisha hadi 174. Natamani sana uifanye kazi hiyo. Ndiyo ninayoingoja kuliko zote. Lakini mlipe siku ya kurekodi, andikeni karatasi inayosema jina lake litakuwa kwenye wimbo na sehemu yake ni ipi, mtie sahihi mbele ya mtu wa tatu. Wimbo ukishakamilika, uandikisheni SOCODA, shirika la haki za watunzi lililoanzishwa mwaka 2011. Mapato yanaweza kuwa madogo kwa miaka. Karatasi itakuwepo.

Masikio sasa. Wataalamu wa afya kazini wanasema sikio linavumilia desibeli 85 kwa saa nane, na kila ongezeko la desibeli 3 hupunguza muda huo kwa nusu. Ukifika 100, umebakiwa na dakika 15. Kikao cha besi hufika huko bila taabu. Fikiria pia wasikilizaji wako ni akina nani: watu waliokaa wiki nzima karibu na mashine za kusaga mawe, kompresa na malori. Masikio yao yalishachoka kabla hawajafika kwako. Vile vizibo vya sponji vinavyotolewa migodini vinafaa kabisa. Nunua boksi zima, weka mlangoni, mpe kila anayeingia, na wewe uwe wa kwanza kuvaa. Hutapoteza besi, kwani besi huingia kwa mifupa na kifua. Tenga kona ya kupumzikia mbali na spika, na usimruhusu mtoto asimame mbele ya sabufa hata mama yake akicheka kwamba anaipenda. Mlio wa filimbi usioisha masikioni asubuhi ni jeraha, na jeraha hilo likikomaa halitibiki. DJ kiziwi wa miaka thelathini ni hasara ambayo ingezuiwa kwa sponji ya bei ya andazi.

Rekodi kila kikao kwenye kompyuta, moja kwa moja kutoka programu, na kesho yake usikilize peke yako hadi mwisho, hata sehemu zinazouma. Kila mwezi chagua rekodi iliyo safi zaidi na uitume: kwa radio za Likasi na Lubumbashi, kwa vituo vya sanaa kama Waza na Picha vya Lubumbashi, kwa Yole!Africa ya Goma, kwa watu wa Hakuna Kulala kule Kampala. Lebo hiyo, iliyoanza kutoa kazi mwaka 2018, imewatoa Rey Sapienz, Mkongo aliyejijenga Kampala, na Slikback wa Kenya, na wote wawili walianza na sauti ambazo hazikuwa na soko nyumbani. Andika barua fupi. Taja Kakanda kwenye mstari wa kwanza, eleza spika ulizounda na watu wanaokuja, usijiite mfalme wa chochote.

Wakikuita, nenda. Ila usisafiri na vyombo usiku kwenye barabara ya malori ya Likasi; lala huko, rudi mchana. Na kabla hujaondoka, hakikisha kuna angalau watu wawili Kakanda wanaojua kuwasha jenereta, kupanga sabufa na kuhesabu mizunguko 32, ili Jumapili ijayo saa nane kikao kifunguliwe hata usipokuwepo.